Stelingi Hafi: Deni la Sinema za Mfululizo

Kila aliyewahi kukaa kwenye viti vya mbele vya jumba la sinema katika mwambao huu anaijua kanuni ambayo haikuhitaji kuandikwa popote: stelingi hafi. Adui atafyatua risasi, daraja litakatika, simba atafunguliwa tunduni, na watoto watapiga mayowe mpaka dari litikisike. Lakini hata mtoto wa miaka saba huyapiga mayowe hayo akiwa na yakini kwamba yule aliyefungwa kamba ataondoka salama. Basi lipo swali ambalo wapenzi wa fasihi wamelipuuza kwa muda mrefu mno. Ikiwa matokeo yanajulikana tangu mwanzo, watu walirudi juma lililofuata kutafuta nini?

Walirudi kutazama atapona vipi. Kama atapona au hatapona halikuwa swali. Katika neno hilo moja, "vipi", ndimo ilimokaa sanaa yote ya sinema za mfululizo, na ndilo lililowapita watu wa pande mbili. Upande mmoja wapo wasomi, na miongoni mwao washairi si haba, ambao wamezihesabu sinema hizi kuwa ni takataka za watoto, zisizo na kituo wala mizani, mbio tupu na makonde. Upande wa pili wapo mashabiki wanaozirejea siku hizi, maana nyingi zimesafishwa na zinapatikana tena, nao huzisifu kwa lile lililo rahisi kuliko yote: kule kumning'iniza mtu gengeni na kumwambia mtazamaji arudi Jumamosi ijayo. Wa kwanza wanakosea kwa dharau, na dharau huponyeka kwa kutazama. Wa pili wanakosea kwa mapenzi, na hao ndio wa kuhofiwa, kwa sababu wanawafundisha wengine kupenda kitu kisichostahiki.

Sinema ya mfululizo, kwa asiyeiona, ni kisa kimoja kilichokatwa vipande, aghalabu 12 hadi 15. Kila kipande huitwa sura, na kila sura ilioneshwa kwa zamu juma moja pamoja na filamu kubwa. Sura ya kwanza iliweza kufika nusu saa. Zilizofuata zilikuwa za dakika 15 hadi 20 hivi. Zilianza Marekani mwaka 1912 kwa What Happened to Mary, iliyotembea sambamba na hadithi ya jarida la wanawake, na kila sehemu ilijimaliza yenyewe. Mwishoni mwa 1913 ikatoka The Adventures of Kathlyn, ikishirikiana na gazeti la Chicago Tribune, na hapo ndipo sehemu zilipoanza kuachwa bila mwisho. Mwaka 1914 ikaja The Perils of Pauline ya Pearl White, sehemu 20, ikibebwa na magazeti ya Hearst. Walio wengi huamini kwamba Pauline alifungwa kwenye reli huku garimoshi likimjia. Katika nakala iliyosalia tukio hilo halimo, na aghalabu mashaka ya binti huyo yaliisha ndani ya sehemu ileile yalimoanzia. Mashabiki wanaomsifu Pauline kuwa ni mama wa mning'inio wanasifu picha waliyoisikia, hawakuiona.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mfululizo ulilelewa na gazeti. Gazeti lilitaka msomaji arudi kununua. Wenye dharau wakilisikia hilo hurukia kusema: basi ni biashara tu! Naam, ni biashara. Na Shahrazadi wa Alfu Lela U Lela, ambaye Waswahili wamemsoma kwa lugha yao kwa vizazi kadhaa, yeye alikatiza hadithi alfajiri kwa mapenzi ya sanaa? Alikatiza kwa sababu shingo yake ilikuwa chini ya upanga. Haja ya msimulizi haijawahi kuiharibu hadithi. Kinachoiharibu ni msimulizi kukopa imani ya msikilizaji kisha akakataa kulipa.

Na hapa wapenzi wa ushairi wangetazamiwa kuwa wa kwanza kuelewa, kwani ufundi huu wanao nyumbani. Mtu akisema "Kitendawili!" akaitikiwa "Tega!", wamekwisha kuingia mkataba. Asiyeweza hutoa mji, lakini aliyetega naye ana wajibu: jibu lake liwe lilikuwemo ndani ya maneno aliyoyatamka. Akitoa jibu lisilohusiana na alichotega, baraza lote litamcheka, na mji hapewi. Ndivyo yalivyo mafumbo ya washairi. Enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776-1840) tungo zilivuka maji baina ya Mvita na Lamu, huku wakitega na huku wakitegua. Baadaye magazeti kama Mambo Leo yalichapa fumbo katika toleo moja na majibu ya washairi katika matoleo yaliyofuata. Hao nao walimning'iniza msomaji, tena kwa mwezi mzima. Hakuna aliyewasifu kwa kumning'iniza. Walisifiwa pale fumbo lilipofumbuka, na msomaji akajipiga paji la uso kwa kuona kwamba ufunguo ulikuwa machoni pake siku zote.

Kwa kipimo hicho, sinema nyingi za mfululizo zinaanguka, na zinaanguka kwa udanganyifu uliokuwa kawaida ya kazi. Gari la stelingi linakwenda mbio, linaacha njia, linaporomoka gengeni na kuwaka moto. Itaendelea. Juma la pili mwendo uleule unarudiwa, njia ileile, genge lilelile, ila sasa kipo kipande ambacho hakikuwapo: mlango unafunguka na stelingi anaruka kabla gari halijafika ukingoni. Juma lililopita kamera ilitazama palepale na mlango haukufunguka. Huku si kutegua. Ni kubadilisha kitendawili baada ya watu kutoa mji.

Mashabiki wana jibu lao tayari: zilikuwa za watoto, na mtoto baada ya siku saba amekwisha kusahau. Anayesema hivyo hajawahi kumhadithia mtoto hadithi mara ya pili na kubadilisha rangi ya punda. Stephen King alilijua hili. Katika riwaya yake Misery ya mwaka 1987, yule muuguzi Annie Wilkes anamtesa mwandishi aliyemfungia nyumbani kwake, na mfano anaomtolea ni wa sinema za mfululizo za utotoni mwake: stelingi alionekana ndani ya gari lililoanguka, kisha juma la pili wakasema alikuwa ameshatoka. Mwanamke yule ni mwendawazimu na muuaji. Lakini kwa shauri la usimulizi ana haki, na mwandishi mwenyewe, akiwa hoi kitandani, anajua kwamba ana haki.

Ingekuwa sinema zote hizi ni za namna hiyo, wasomi wangeachiwa dharau yao. Hazikuwa zote. Mwaka 1942 kampuni ya Republic ilitoa Spy Smasher, sura 12, chini ya uongozi wa William Witney. Kane Richmond alicheza kama Alan, mpelelezi avaaye barakoa, na pia kama Jack, pacha wake. Mwisho wa sura ya 11 mtu mwenye vazi la mpelelezi anapigwa risasi juu ya paa na kuporomoka hadi barabarani. Mtazamaji mzoefu alikwenda nyumbani akijua la kutarajia: juma lijalo kitaingizwa kipande kipya, risasi itamkosa, atashika waya. Sura ya 12 haikubadilisha kitu. Aliyeanguka aliangukia palepale, na alikuwa amekufa. Ila aliyekuwa ndani ya vazi lile ni Jack. Alikuwa amempiga ndugu yake konde la kumzimisha, akavaa nguo zake, akaenda kufa badala yake. Kanuni ya stelingi hafi haikuvunjwa, na hata hivyo mtu amekufa. Na ufunguo, yaani kwamba hawa wawili sura yao ni moja, ulikuwa mbele ya macho ya watoto tangu juma la kwanza. Muyaka mwenyewe angeutoa mji.

Hali kadhalika Adventures of Captain Marvel ya mwaka 1941, sura 12, iliyoongozwa na Witney huyohuyo pamoja na John English. Sifa yake kubwa ni kuruka angani, na kuruka kule kulifanywa na ndugu wawili, Howard na Theodore Lydecker. Walitengeneza sanamu kubwa kidogo kuliko mwili wa mtu, wakaipitishia nyaya, ikateleza angani kutoka mlimani hadi bondeni. Kuruka kwenda na kutua kulifanywa na David Sharpe, mwanasarakasi aliyejirusha kwa miguu yake mwenyewe kutoka ukutani na kuangukia watu. Tom Tyler, stelingi, alitoa uso. Mtu akiitazama leo huona nyaya hazionekani, ila huona pia kwamba sanamu ile haipindi magoti wala haigeuzi shingo. Haidhuru. Uongo wake uko wazi kama uongo wa tashibiha: mshairi anaposema mpenziwe ni mwezi, hakuna anayemtaka aoneshe mwanga. Uongo wa mlango wa gari ni wa aina nyingine kabisa, kwa kuwa huo unaficha kilichotokea ndani ya kisa chenyewe.

Ubahili nao ulifanya kazi yake. Kadiri miaka ilivyokwenda, kampuni zilizoea kuingiza sura moja ambamo wahusika huketi na kukumbushana yaliyopita, na picha za sura za nyuma zikarudiwa, ili kupunguza gharama. Mwaka 1955 Republic ilitoa Panther Girl of the Kongo. Phyllis Coates alivishwa nguo zilizofanana na zile za Frances Gifford katika Jungle Girl ya mwaka 1941, kusudi picha za zamani za mtu akibembea kwenye mizabibu ziunganishwe na uso mpya. Mwanamke mmoja akiruka, mwingine akitua, na miaka 14 katikati. Mwaka uleule Republic ilifunga kazi hiyo, na mwaka 1956 Columbia ikatoa ya mwisho kabisa, Blazing the Overland Trail. Televisheni ilikuwa imekwisha kuwaita watoto nyumbani.

Jina la sinema hiyo ya 1955 halipaswi kupitwa hivi hivi. Sinema ya kwanza ya mfululizo ya Republic, mwaka 1936, iliitwa Darkest Africa. Stelingi wake alikuwa Clyde Beatty, mfugaji wa simba wa sarakasi, akitafuta mji uliopotea uitwao Joba, ambako watu wenye mabawa kama popo huruka angani. Ilipigwa California. Katika sura 15, Beatty ananing'inizwa na kunusuriwa kila juma. Waafrika wanaopita nyuma yake hawanusuriwi na chochote, kwa sababu hakuna aliyewategea lolote. Wamewekwa pale kama miti ilivyowekwa. Kuna mning'inio mmoja katika sinema hizi ambao haukupewa sura ya pili, nao ni huo.

Mfano ulio mkali zaidi ni Jungle Drums of Africa ya mwaka 1953. Kisa chake ni Wamarekani wanaotafuta ruhusa ya kuchimba madini ya urani katika Afrika, wakizuiwa na maajenti wa nchi adui na mganga wa kijiji. Sura 12 zinajibu kila swali: nani alitega bomu, nani atavuka mto, nani atamwokoa binti wa mmisionari. Swali la madini ni ya nani halitegwi hata mara moja. Na huo haukuwa ubunifu wa kitoto. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mabomu ya Marekani ya mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo iliyokuwa chini ya Ubelgiji. Miaka miwili baada ya sinema hiyo, yule binti wa chui wa 1955 naye anapambana na mwanasayansi aliyekuza kamba wa mtoni wakawa wakubwa kama nyumba, ili awatishe wanakijiji wahame na yeye aichukue almasi yao peke yake. Watunzi wa Hollywood, katika haraka yao ya kutafuta kitisho cha bei nafuu, waliukaribia ukweli wa Kongo kwa umbali wa hatua moja, wakaukwepa kwa kumpa kamba mabawabu wa plasta na vumbi la mabomu.

Hapa mashabiki huinua ngao yao ya pili: zilikuwa filamu za zama zake, na zama zile hazikujua zaidi. Hoja hii ni kongwe, na ni ya uongo. Zama hazina ulimi. Wenye ulimi ni watu, na walikuwapo watu wa zama zilezile waliofanya vinginevyo kwa ufundi uleule. Mwaka 1935, Bombay, ndugu wawili wa ukoo wa Wadia walitoa Hunterwali. Mmoja wao, Homi, aliiongoza. Stelingi alikuwa Mary Ann Evans, mzaliwa wa Australia, aliyejulikana kwa jina la Nadia, naye aliruka mwenyewe juu ya mapaa na kupanda farasi mwenyewe. Ndugu hao walizijua vyema sinema za Pearl White, na walichochukua kwake ni kamba, farasi na garimoshi. Lakini walimpa Nadia mjeledi wa kumcharaza waziri dhalimu anayewaonea raia, na hayo katika India iliyokuwa bado chini ya Mwingereza. Kila aliyeketi mle ukumbini alijua dhalimu ni nani. Fumbo lilitegwa mbele ya mkaguzi wa serikali, na raia wakalitegua gizani. Kwa watazamaji wa pwani hii, waliolelewa na picha za Kihindi kuliko za Kizungu, urithi wa mfululizo una njia mbili za kuwafikia, na ya Bombay haina haja ya kuombewa radhi.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili. Katika Batman ya Columbia ya mwaka 1943, msimulizi anapitisha kamera katika mtaa mtupu uliokuwa wa Wajapani, na kwa sauti ya furaha anaipongeza serikali kwa kuwakusanya na kuwaondoa. Watu zaidi ya 100,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao wakiwa raia wa Marekani, walikuwa wamefungiwa makambini wakati huo. Msimulizi yule hakuwa hajui. Alijua, akaweka tarumbeta nyuma ya maneno yake.

Urithi wa sinema hizi haukufa na Columbia. George Lucas alipotoa Star Wars mwaka 1977 aliyafungulia maneno yake yapande skrini kama yalivyopanda katika sura za Flash Gordon, na mwaka 1981 yeye na Steven Spielberg wakamleta Indiana Jones, stelingi wa mfululizo aliyepewa saa mbili badala ya majuma 12. Tukio la Jones kuburutwa chini ya lori linatokana na kazi ya Yakima Canutt, ambaye mwaka 1939 katika Zorro's Fighting Legion alijiangusha baina ya farasi wanaokimbia na gari la kukokotwa likampita juu. Chuo cha filamu cha Hollywood kilimpa Canutt tuzo ya heshima mwaka 1967. Na leo tamthilia zinazoingia sebuleni kila usiku, za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili na za kwingineko, zote zinamwachia mtazamaji mlango umefunguka nusu na sura iliyoshtuka. Wamerithi kuning'iniza. Kulipa hawakurithi: simulizi linavutwa maadamu watazamaji wapo, na watazamaji wakipungua linakatwa na kuachwa vilevile, stelingi akiwa bado amefungwa kamba. Watunzi wa 1942 walilala maskini kuliko hawa, lakini walipoanza sura ya kwanza walikwisha kuijua ya kumi na mbili.

Imebaki sifa moja ambayo mashabiki huitoa kwa sauti kuliko zote, nayo ni kwamba zamani watu waliruka kweli. Hapakuwa na kompyuta. Mwili ulianguka na mwili uliumia. Ni kweli, na ni haki kuikumbuka. Ila walioruka hawakuwa wale waliosifiwa. Kwa miaka mingi ilitangazwa kwamba Pearl White hufanya mwenyewe kila tendo la hatari, na kwa sehemu ilikuwa hivyo, kwani mgongo wake uliumia tangu siku za Pauline. Mwezi wa Agosti 1922, New York, ilipokuwa ikipigwa Plunder, sinema yake ya mwisho ya mfululizo katika Marekani, lilihitajika tendo la kuruka kutoka juu ya basi na kudaka chuma cha reli ya juu. Aliyepanda juu ya basi lile alikuwa mwanamume, John Stevenson, amevaa nguo za kike na nywele za bandia za rangi ya dhahabu. Alikikosa chuma, akaanguka barabarani, akafa. Sinema ilitoka mwaka 1923, na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa lilikuwa la Pearl White.